Antena Haijui Dijitali

Wahenga walituachia msemo kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lau wangaliishi hadi zama hizi za runinga, huenda wangaliuongezea kipande cha pili, kwamba wako wenye macho wanaoambiwa watazame na hawana cha kutazama. Hiyo ndiyo hali niliyoikuta nyumbani kwetu Namboboto, huku Samia katika kaunti ya Busia, mwezi Julai mwaka 2020. Amri iliyokuwa imewafungia wakazi wa Nairobi jijini mwao tangu tarehe 6 Aprili ilikuwa imeondolewa tarehe 7 mwezi huo, nami nikafunga safari kwenda kumjulia hali mama mzazi. Nilimkuta mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la nane, ameketi kigodani, daftari magotini na kalamu mkononi, mbele ya kioo cheusi cha runinga kilichoandikwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana kwamba hakuna mawimbi.

Shule zote nchini zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi mwaka huo kwa sababu ya maradhi ya Korona. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilikuwa ikipeperusha masomo redioni na pia katika runinga kupitia Edu Channel, na tulikuwa tukihakikishiwa kwamba elimu haikusimama. Kwa mtoto huyu ilikuwa imesimama. "Mjomba," aliniambia, "asubuhi picha huja kidogo. Mwalimu akianza kueleza, huganda, kisha hutoweka." Alikuwa akiusubiri mtihani wa KCPE, ule ambao hatimaye ulifanywa Machi 2021. Mtoto hakuwa mvivu, runinga haikuwa mbovu, wala umeme haukuwa umekatika. Kilichokosekana ni antena inayofaa.

Mama alikuwa tayari amekwisha kuitafutia hali hiyo dawa. Mchuuzi mmoja sokoni alikuwa amemuuzia kibao chembamba cheusi kwa shilingi 2,500, akamwapia kwamba hiyo ndiyo "antena ya dijitali", na kwamba ile iliyokuwa nje juu ya mlingoti ilikuwa ya analojia na haikufaa tena ila kuanikia nguo. Mama akauza kuku, akalipa. Kibao kikatundikwa ukutani, ndani ya nyumba iliyoezekwa kwa mabati, na hakikuleta lolote. "Mwanangu," mama aliniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, "labda sisi wa huku mpakani hatumo katika hiyo dijitali yao."

Maneno hayo yalinichoma. Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa runinga, na kwa kawaida ningaliiacha kazi hiyo kwa wenye kazi yao. Hata hivyo, nilitambua kwamba kilichomtia mama hasara kilikuwa kivumishi. Neno "dijitali" lilibandikwa mahali lisipostahili kuwapo, nalo likauza kibao.

Hebu tulipime neno hilo. Mtu anaposema nami, sauti yake husafiri hewani kama mawimbi hadi sikioni mwangu. Sikio halijui Kiswahili. Halijui Kisamia wala Kiganda. Kazi yake ni kuyapokea mawimbi na kuyapeleka ndani, na ubongo ndio unaong'amua kama yaliyosemwa ni salamu au matusi. Antena ni sikio. Hupokea mawimbi ya redio yaliyomo hewani na kuyapitisha katika waya, iwe ujumbe uliobebwa na mawimbi hayo ni wa analojia au wa dijitali. Mwenye kazi ya kuufumbua ujumbe ni kile chombo tukiitacho king'amuzi, na jina hilo limechaguliwa vizuri, kwa maana limetokana na kitenzi ng'amua. Kuna wanaokiita kisimbuzi, kutokana na simbua, yaani kufumbua kilichofichwa katika simbo, nalo ni jina zuri vilevile. Kwa hiyo kuna king'amuzi cha dijitali, na kuna runinga ya dijitali yenye king'amuzi ndani yake. Antena ya dijitali haipo, kama lisivyokuwapo sikio la Kiswahili.

Je, mchuuzi yule alisema uongo mtupu? La. Nusu ya aliyosema ilikuwa na ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayouza. Antena ya zamani haikufaa kweli, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Antena hiyo ilisimikwa na marehemu baba miaka ya tisini. Wakati huo runinga yetu ya picha nyeusi na nyeupe ilitumia betri ya gari, na mlingoti wenyewe ulielekea magharibi, kwa kuwa huku kwetu Uganda ilikuwa karibu zaidi kuliko Nairobi. Nakumbuka Kombe la Dunia la mwaka 1994. Baba akiwa nje ameushika mlingoti, mimi dirishani kama mpiga mbiu, na majirani wamejaa sebuleni. "Imekuja?" "Bado!" "Na sasa?" "Imekuja! Imekuja! Ah, imekwenda!" Picha ilijaa chenga kiasi kwamba mpira wenyewe tuliukisia kutokana na mahali wachezaji walikokimbilia, lakini tulitazama hadi mwisho. Stesheni hizo za zamani tulizozinasa zilitumia mawimbi marefu kuliko ya leo, na vyuma vya antena ya baba vilikatwa kwa kipimo chake.

Hapa pana hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari aweza kuifanya. Chukua 300, ugawe kwa masafa ya stesheni katika megahezi, nawe utapata urefu wa wimbi kwa mita. Masafa ya megahezi 200 yana wimbi la mita moja na nusu. Fimbo ya antena hufaa ikiwa karibu nusu ya wimbi, kwa hiyo ni kiasi cha sentimita 70 na kitu. Runinga ya dijitali ya leo hupeperushwa katika masafa ya UHF, kati ya megahezi 470 na 694. Chukua mfano wa 600. Wimbi lake ni nusu mita, na fimbo yake, ukipunguza kidogo kama mafundi wafanyavyo, ni sentimita 24 hivi. Antena ya baba ilikuwa kubwa mara tatu kuliko ilivyohitajika. Ilistaafu kwa sababu ya kimo chake, na dijitali haikuhusika.

Neno "antena" lenyewe lina historia inayostahili kusimuliwa darasani. Katika Kilatini lilimaanisha ile boriti ya chombo cha baharini inayobeba tanga, ambayo mabaharia wetu wa pwani huiita foromali. Nasi, pasipo kujua asili hiyo, tumeipachika antena juu ya kitu tukiitacho mlingoti, na kinachopokewa huko juu tumekiita mawimbi. Nahodha huigeuza foromali ili tanga lipate upepo. Naye mwenye runinga huigeuza antena yake apate picha. Anayelitandaza tanga ndani ya nyumba asilaumu upepo.

Tulichokifanya mimi na mpwa wangu kilikuwa rahisi. Kwanza tulikiondoa kile kibao ukutani, kwa kuwa mabati huyarudisha mawimbi yatokako kama kioo kinavyorudisha mwanga, na antena iliyo chini ya mabati ni mtu anayesikiliza akiwa ameziba masikio. Kisha tukaenda Funyula kwa fundi mmoja wa jua kali, tukanunua kwa shilingi mia chache antena ya UHF ya vijiti vifupi vilivyopangwa mithili ya mifupa ya samaki. Umbo hilo si la juzi. Lilibuniwa Japani mwaka 1926 na wahandisi wawili, Uda na Yagi, miongo kadhaa kabla ya mtu yeyote kuitaja runinga ya dijitali. Kijiti kirefu kuliko vyote hukaa nyuma, na vile vifupi huelekea uliko mnara wa kurushia matangazo. Nimeziona nyumba si haba ambako antena hiyo imefungwa kinyumenyume, mkia mbele, na wenyewe wanalalamikia serikali.

Mlingoti wa baba tuliuhifadhi, ila tuliugeuza. Ulikuwa umeitazama Uganda kwa zaidi ya miaka ishirini, ilhali stesheni tulizozitaka zilirushwa kutoka minara iliyo ndani ya Kenya, na kwa mtu wa Namboboto sehemu kubwa ya Kenya iko mashariki yake. Ili kuupata mwelekeo kamili hatukuhitaji chombo chochote. Tulizunguka kijijini tukatazama antena za majirani wenye picha nzuri zimeelekea wapi, na kama vijiti vyao vimelala au vimesimama, kwa sababu jambo hilo nalo hutegemea jinsi mnara unavyorusha.

Tuliporudi kuigeuza, tulilazimika kusahau mazoea ya mwaka 1994. King'amuzi huchukua muda kabla ya kutoa jibu. Mtu ageuze kidogo, kiasi cha upana wa kidole, kisha asubiri mpaka ahesabu kumi. Katika orodha ya mipangilio ya king'amuzi mna mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake. Ufuateni ule wa ubora. Nguvu yaweza kuwa nyingi na ujumbe uwe umevurugika, kama mtu apigaye kelele karibu nawe usielewe neno. Mwishowe tuliamuru king'amuzi kitafute stesheni upya, jambo ambalo wengi hulisahau.

Urefu wa mlingoti nao una hesabu yake. Mawimbi haya husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Ukichukua kipeuo cha pili cha urefu wa mlingoti kwa mita, ukazidisha kwa 4.1, utapata kwa kadirio ni kilomita ngapi antena yaweza kuufikia upeo wa macho yake penye ardhi tambarare. Mlingoti wa mita 4 hufikia kilomita 8; wa mita 9 hufikia kilomita 12. Mnara wa mita 100, kwa upande wake, hufikia kilomita 41, na umbali huo wa pande mbili hujumlishwa. Kwa hiyo kipande cha bomba kinachouinua mlingoti huweza kukupa kile ambacho mashine ya maelfu ya shilingi haitakupa.

Waya ndio adui afichwaye. Hata waya mzuri wa antena hupoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi katika kila mita 15 au 20. Waya uliounganishwa kwa kufungafunga na kuzungushiwa mpira hupoteza zaidi, na ukiingia maji ya mvua haufai tena. Waya uwe mmoja tangu juu hadi chini, mfupi iwezekanavyo, na kabla ya kuingia dirishani upinde kidogo kwenda chini ili maji yadondoke nje. Anayeugawa waya mmoja kwa runinga mbili ajue kwamba kila moja itapata nusu au pungufu. Na kile kipaza mawimbi ambacho mafundi hukiita busta, kama hapana budi kukinunua, kifungwe juu karibu na antena. Kikifungwa nyuma ya runinga kitakuza mawimbi yaliyokwisha kuchakaa njiani, pamoja na uchafu wake wote.

Msomaji aweza kuuliza mbona zamani picha mbaya ilitazamika na leo hutoweka kabisa. Jibu nalitoa katika sarufi. Tazama sentensi hii: Watoto wale wawili wadogo walioanguka wamelia. Maneno ni sita, na kila neno limeanza kwa kiambishi wa-. Mgeni hujiuliza ya nini Mswahili kurudia habari ile ile mara sita. Lakini mvua ikinyesha juu ya mabati na kumeza neno moja au mawili, bado msikilizaji atajua kwamba waliolia ni watu na tena ni wengi. Upatanisho wa kisarufi ni akiba. Waliobuni runinga ya dijitali walifanya vivyo hivyo: pamoja na picha, mnara hutuma habari za ziada ambazo king'amuzi huzitumia kukarabati kilichopotea njiani. Ndiyo maana picha hubaki safi hata mawimbi yakipungua. Lakini akiba ina kikomo. Kilichopotea kikizidi kiasi, king'amuzi hukoma kukisia na kioo huwa cheusi. Katika analojia, kazi hiyo ya kukisia ilifanywa na macho yetu wenyewe, nasi tulikuwa wavumilivu kuliko mashine. Basi nyumba iliyo ukingoni mwa kikomo hicho huhitaji nyongeza ndogo tu, na nyongeza hiyo aghalabu hupatikana kwa mlingoti na waya.

Katika ununuzi, herufi moja yaweza kukutia hasara. Kenya na Uganda zote hutumia mfumo uitwao DVB-T2. Katika maboksi ya ving'amuzi utakuta pia S2, ambacho ni cha dishi la setilaiti, na T pekee, ambacho ni cha mfumo wa kale. Wanafunzi wa isimu huliita jambo la namna hii jozi ya mlinganuo finyu: sauti moja ikibadilika, pata huwa bata. T2 na S2 ni jozi kama hiyo, na tofauti yake hulipiwa kwa pesa taslimu. Kwa kuwa mfumo wa nchi hizi mbili ni mmoja, king'amuzi kisichofungwa na kampuni ya kulipia chaweza kunasa stesheni za bure za pande zote mbili za mpaka, endapo antena itageuzwa. Mwaka ule wa Korona, malori yalipanga foleni ndefu Malaba na Busia, madereva wakisubiri kupimwa. Mawimbi yalivuka bila kuonyesha cheti.

Sitaki nionekane kwamba nawabebesha wananchi mzigo usio wao. Uhamaji wa kwenda dijitali haukuombwa na wakulima wa Samia. Ulitokana na makubaliano ya kimataifa yaliyotiwa saini Geneva mwaka 2006, yaliyoweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa kikomo. Hapa kwetu uliandamana na kesi hadi Mahakama ya Juu, na mwezi Februari 2015 NTV, KTN na Citizen zikatoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Katika vurumai hiyo mwananchi alielezwa sana kuhusu kununua king'amuzi, na kuhusu antena akaambiwa machache mno. Fauka ya hayo, ziko boma zilizo nyuma ya vilima vya Samia ambako mlingoti wa mita 9 ni bure, maana kilima kimekaa katikati. Hao hawana kosa. Dawa yao ni mnara mdogo wa kuziba mapengo, nao ni wajibu wa Mamlaka ya Mawasiliano na makampuni yenye leseni ya kurusha matangazo.

Mintarafu usalama, nasema kwa msisitizo. Nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi kali kupindukia. Mlingoti wa chuma usisimikwe karibu na nyaya za umeme hata kidogo, asiupande mtu mvua ikitishia, na waya wa antena uchomolewe kabla dhoruba haijafika. Hakuna kipindi kinachostahili maisha ya mtoto.

Siku ya tatu, saa tatu za asubuhi, mwalimu wa hisabati alijitokeza kiooni akafunza sehemu hadi mwisho wa kipindi pasipo kuganda. Mpwa wangu hakupiga makofi. Alikuwa akiandika. Mama alikuja mlangoni akatazama kwa kitambo, kisha akaniuliza kama kile kibao cheusi chaweza kurudishwa kwa aliyemuuzia. Nilimwambia kwamba hakiwezi. Mtoto alirudi shuleni tarehe 12 Oktoba mwaka huo, pamoja na wenzake wa darasa la nane kote nchini, akiwa na miezi kama mitatu ya masomo daftarini. Minne ya kwanza haikurudi.

Miezi hiyo minne ndiyo inayonikera hadi leo. Haikupotea kwa ukosefu wa fedha, kwani fedha zilikuwapo na zililipwa. Ilipotea kwa sababu katika kijiji kizima hapakuwa na aliyemwambia mama kwamba antena ni fimbo ya chuma iliyokatwa kwa kipimo, ikainuliwa juu na kuelekezwa panapostahili. Na kijiji chenyewe ni cha Wasamia! Mababu zetu walijulikana kote katika ukanda huu wa ziwa kwa kuyeyusha mawe ya vilima hivi na kufua majembe. Wajukuu wa wahunzi wamekuwa wateja wa kibao cha plastiki.

Ndiyo maana nawageukia walimu. Somo la mawimbi limo katika fizikia, la vipeuo limo katika hisabati, na la uundaji wa istilahi limo katika Kiswahili. Naomba siku moja katika muhula walimu hao watatu wawatoe wanafunzi nje, wawape kipande cha bomba, vijiti vya alumini na rula, wakaitengeneze antena ya shule. Mwanafunzi aliyewahi kuipima fimbo ya sentimita 24 kwa mkono wake, na akajua kwa nini ikawa 24, hatauziwa kivumishi sokoni. Na akirudi nyumbani jioni, ataweza kumweleza nyanya yake, kwa lugha ambayo nyanya anaielewa, kwamba sisi wa mpakani tumo.